Vifaa vya kuzuia wizi wa gari: chuma cha usukani kimerudi, king'ora bado ni kelele

Kila kifaa cha kulinda gari ni jibu la wizi wa aina fulani, na muuzaji hakuambii ni wa aina gani. Chuma cha usukani kilibuniwa kumzuia mwizi mwenye bisibisi. Mfuko wa kuzuia mawimbi ya rimoti unamzuia mwenye antena. Treka, kifaa cha kuonyesha gari lilipo, inahusu gari ambalo limeshaondoka. Hapa tunavipitia vifaa vinavyouzwa sana na kuviuliza swali moja: kwa njia zinazotumika leo, kinamchelewesha mwizi kiasi gani, na kinamlazimisha aje na zana gani?

Njia zenyewe si nyingi. Gari la ufunguo wa chuma mtupu huwashwa kwa kuvunja swichi. Gari la kitufe huibwa kwa kurefusha mawimbi ya rimoti iliyolala ndani ya nyumba. Yapo magari yanayoingiliwa kwenye nyaya zao za mawasiliano, na mwizi hahitaji rimoti kabisa. Mengine hupakiwa tu juu ya lori la kubebea magari. Halafu iko njia inayozidi kadiri nyingine zinavyozibwa: kuuchukua ufunguo wenyewe, kwa kuvunja nyumba au kumtolea dereva silaha. Marekani ilitunga sheria ya serikali kuu dhidi ya unyang'anyi huo mwaka 1992. Iweke akilini unapochagua, maana kuna vifaa vinavyoweza kuigeuza hasara ya mali kuwa hatari kwa mtu.

Chuma cha usukani

Magari ya mwanzo yalilindwa na ugumu wa kuyawasha. Injini ilizungushwa kwa mpini, na mwenye wasiwasi aling'oa kipande cha mfumo wa kuwashia akaondoka nacho. Cadillac ilipoleta stata ya umeme mwaka 1912, kazi ya Charles Kettering, kuwasha gari kukawa rahisi kwa kila mtu, mwizi akiwemo. Mwaka 1919 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotajwa kwa jina la mbunge Leonidas Dyer, iliyofanya kulivusha gari la wizi kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa la serikali kuu. Uingereza nayo ilikuwa na tatizo la vijana waliochukua magari wakatembea nayo usiku kucha na kuyatelekeza asubuhi. Mahakamani waliponyoka shtaka la wizi, kwa kuwa hawakuwa na nia ya kumnyima mwenye gari mali yake moja kwa moja. Sheria ya barabara ya 1930 ikaunda kosa jipya: kuchukua gari na kuliendesha bila ruhusa.

Wizi huo wa matembezi ndio uliozaa kufuli la nguzo ya usukani, lile linalokaza usukani ukichomoa ufunguo. Ujerumani Magharibi ililazimisha kufuli hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa magari yote, mapya na yaliyokuwa barabarani tayari, na wizi ukashuka sana kwa muda mrefu. Uingereza ililazimisha magari mapya tu, kuanzia 1971. Matokeo yake wezi waliyaacha mapya wakayahamia ya zamani. Somo hilo limejirudia kwa karibu kila kifaa kilichofuata: ulinzi unaowekwa kwa baadhi ya magari huwasukuma wezi kwa jirani.

Chuma cha kufungia kwenye usukani kilianza kuvuma Marekani mwaka 1986, kwa biashara ya James Winner wa Pennsylvania, aliyekiuza kwa jina la The Club. Kwa miaka mingi mafundi walikicheka, na walikuwa na hoja. Chuma chenyewe ni kigumu, lakini usukani ni kiunzi chembamba cha chuma, aluminiamu au magnesiamu kilichofunikwa sponji na ngozi. Mwizi hana haja ya kukata chuma chako. Anakata usukani kwa msumeno, anaukunja kidogo, kifaa kinachomoka chenyewe.

Sasa hukumu yetu imegeuka, kwa sababu mwizi amebadilika. Anayeiba kwa vifaa vya mawimbi amejiandaa kwa kazi ya dakika moja au mbili bila kelele. Hakuja na msumeno wala grainda, na akiona chuma kupitia kioo mara nyingi huenda kwenye gari jingine. Kifaa kile kile kilichokuwa dhaifu mbele ya mtu wa misumeno kina nguvu mbele ya mtu wa antena. Halafu hakina programu ya kudukuliwa.

Namna ya kuchagua. Cha sahani pana, kinachofunika usukani wote, ni bora kuliko fimbo yenye ndoano mbili, kwa sababu hakiachi sehemu ya kupitisha msumeno. Ukinunua fimbo, chukua yenye mkono mrefu unaogota kwenye dashibodi au nguzo ya mlango, ili usukani usizunguke hata robo ya mzunguko. Maandishi ya "chuma kigumu" kwenye kasha yapuuze. Alama ya chombo cha majaribio kama Sold Secure cha Uingereza ina uzito zaidi, maana wao hushambulia kifaa kwa zana na kupima muda. Kagua kufuli: ufunguo bapa wenye meno matatu manne upande mmoja ni dalili ya kufuli la kuchokolewa haraka, na namba ya ufunguo isiwe imechorwa juu ya kufuli lenyewe.

Kinachoharibika mara nyingi ni tundu la kufuli. Vumbi likiingia, watu hutia oili, oili inashika vumbi zaidi, ufunguo unavunjikia ndani. Tumia unga wa grafiti. Usikiache kikandamize kifuniko cha katikati chenye mfuko wa hewa. Na ukiwa safarini kifunge mahali. Chuma cha kilo 3 kilicholegea kwenye kiti kinaruka gari likigonga.

Chipu ya kiwandani, na jinsi ya kujua kama unayo

Corvette ya 1986 ilikuja na ufunguo wenye kipingamkondo kidogo kwenye shina lake, cha thamani moja kati ya 15. Ukiingiza ufunguo wenye thamani isiyolingana, gari linagoma kwa dakika kadhaa. Kwa leo ni kama mchezo, ila wazo lilikuwa sahihi: injini iulize swali la umeme, isitosheke na umbo la ufunguo. Miaka ya 1990 ikaja chipu isiyo na betri, inayopata nguvu kutoka kwa koili iliyozunguka tundu la swichi na kujibu kwa siri ya hesabu. Ulaya ililazimisha immobilaiza, yaani mfumo huo wa kuizuia injini bila ufunguo unaotambulika, kwa magari mapya kufikia mwaka 1998, Australia 2001, Kanada 2007. Marekani haikulazimisha.

Pengo hilo lilijionyesha wazi. Kwa magari ya modeli ya 2015 yaliyouzwa Marekani, asilimia 96 ya modeli za watengenezaji wengine zilikuwa na immobilaiza kama kifaa cha kawaida. Kwa Hyundai na Kia ilikuwa asilimia 26 tu. Mwaka 2021 vijana wa Milwaukee walianza kuyaiba kwa wingi, na mwaka 2022 video za mitandaoni zikausambaza mtindo huo miji mingi. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilisema Februari 2023 kwamba wizi huo ulihusishwa na ajali zisizopungua 14 na vifo 8. Kampuni hizo zilitoa programu mpya kwa magari yapatayo milioni 8.3: ukifunga milango kwa rimoti gari haliwaki, na king'ora kinalia dakika nzima badala ya nusu dakika. Ni kiraka, kwa sababu kinamtegemea dereva akumbuke kufunga kwa rimoti.

Ukinunua gari la mtumba, usiamini taa nyekundu inayopepesa kwenye dashibodi. Huenda ni taa ya king'ora tu. Jaribio la kweli ni hili: chonga nakala ya ufunguo isiyo na chipu. Kama immobilaiza ipo na inafanya kazi, nakala hiyo itazunguka kwenye swichi, lakini injini itakataa kuwaka au itazima baada ya sekunde moja au mbili. Ikiwaka na kuendelea kunguruma, gari hilo halina kinga, au fundi fulani aliizunguka huko nyuma mwenye gari alipopoteza ufunguo. Hilo la pili hutokea zaidi ya watu wanavyofikiri.

Chipu zenyewe zimevunjwa moja baada ya nyingine. Ile ya biti 40 ya Texas Instruments ilivunjwa na watafiti wa Johns Hopkins na RSA mwaka 2005. Megamos Crypto, iliyotumika pia kwenye magari ya Volkswagen, ilivunjwa mwaka 2012. Volkswagen ikapata zuio la mahakama Uingereza na utafiti haukuchapishwa hadi 2015. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha KU Leuven, Ubelgiji, walinakili rimoti ya Tesla Model S, ambayo nayo ilitumia siri ya biti 40. Hata hivyo mwizi wa kawaida havunji siri. Anaizunguka.

Mfuko wa rimoti

Ukigusa kitasa cha gari la kitufe, gari hutuma wito wa masafa ya chini, takriban kHz 125, unaosikika umbali wa mita moja au mbili. Rimoti ikiusikia inajibu kwa masafa ya juu, kwa kawaida MHz 433.92 au 315, ambayo yanafika mbali zaidi. Gari linachukulia kuwa rimoti iliyosikia wito iko karibu. Wezi wawili, mmoja kwenye gari na mwingine kwenye ukuta wa nyumba, wanaurefusha wito huo. Hakuna siri iliyovunjwa. Gari na rimoti vinazungumza ukweli mtupu, ila umbali umedanganywa. Aurélien Francillon na wenzake wa ETH Zürich walilionyesha hili mwaka 2011 kwa modeli 10 za watengenezaji 8, na zote zilifunguka na kuwaka.

Mfuko wa kitambaa chenye nyuzi za madini unafanya kazi, na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa. Lakini jinsi unavyofanya kazi ni tofauti na maelezo ya wauzaji. Wito wa kHz 125 ni uga wa sumaku, na kwa masafa hayo hata shaba inahitaji unene wa karibu milimita 0.2 ili kuudhoofisha vya kutosha. Kitambaa hakina unene huo. Kinachozuiwa vizuri ni jibu la rimoti. Kwa hiyo rimoti iliyo ndani ya mfuko huo lakini karibu na gari huweza kuendelea kuamka na kujibu bure, na betri yake ikaisha mapema. Weka mfuko mbali na gari.

Upime siku unayoununua. Iache rimoti ya pili mbali kabisa. Weka ya kwanza mfukoni, funga vizuri, usogeze mfuko hadi ukaribie kugusa kitasa, kisha jaribu kufungua. Rudia kwenye mlango wa abiria na buti. Halafu kaa ndani, weka mfuko kwenye kiti, bonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likijibu hata mara moja, rudisha mfuko dukani. Rudia jaribio kila miezi michache, maana nyuzi hukatika kwenye mkunjo wa mfuniko na kwa nje huoni kitu. Kopo la bati lenye mfuniko unaobana linaweza kudumu kuliko mfuko, mradi rangi isizuie mfuniko kugusana na kopo. Na rimoti ya akiba nayo iingie. Tunaona watu wanaotunza moja na kuiacha nyingine kwenye droo karibu na dirisha.

Kabla hujanunua, soma kitabu cha gari. Rimoti nyingi za karibuni hulala zenyewe zikikaa bila kutikiswa kwa dakika chache, na baadhi huzimwa kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio fulani. Magari mapya yanayotumia mawimbi ya upana mkubwa, UWB, hupima muda ambao mawimbi yamesafiri, kwa hiyo yanajua umbali halisi. Lakini hakikisha gari linatumia UWB kwa kuwasha injini pia. Kuwa na kipande hicho ndani ya rimoti peke yake hakutoshi.

Jambo la kando: yuko mwizi mwingine anayevuruga mawimbi unapobonyeza kufunga, ili gari libaki wazi. Mfuko hauna msaada hapo. Vuta kitasa kabla hujaondoka, basi.

Kufuli la soketi ya OBD

Soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi ililazimishwa Marekani kwa magari ya 1996 na Ulaya kwa magari mapya ya petroli mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili kufuatilia moshi. Baadaye ikawa mlango wa kusajili funguo mpya. Kasha la chuma linaloifunika linamchelewesha anayetaka kusajili ufunguo wake, na kwa magari yanayoruhusu usajili huo kwa dakika chache ni ununuzi wa busara. Angalia skrubu: zisiwe za kufunguka kwa bisibisi ya kawaida, na kasha lishike mabano ya chuma ya gari, lisishike plastiki.

Ila mtandao wa CAN, yaani nyaya ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo, haupiti kwenye soketi hiyo peke yake. Mwaka 2022 mjini London gari aina ya Toyota RAV4 la mtaalamu wa usalama Ian Tabor liliibwa baada ya sehemu ya taa ya mbele na bampa kuchezewa mara kadhaa. Uchunguzi alioufanya na Ken Tindell, uliochapishwa 2023, ulionyesha kifaa kilichofichwa ndani ya kasha la spika ya Bluetooth. Kinaunganishwa kwenye nyaya za taa na kutuma ujumbe wa uongo kwamba ufunguo halali upo. Kompyuta za gari huaminiana kwenye nyaya hizo bila kuhojiana. Hapo mfuko wa rimoti na kufuli la OBD vyote havina kazi. Ukikuta pambo la bampa au plastiki ya tairi la mbele imelegezwa bila sababu, usichukulie kuwa ni watoto; lifunge chuma usiku huo huo.

Swichi ya siri

Hiki ndicho kifaa tunachokipa alama za juu kuliko vyote, kwa sharti kwamba kimefungwa vizuri, na vingi havijafungwa vizuri. Nguvu yake ni kwamba haizungumzi na kompyuta yoyote. Ni waya uliokatwa. Mwizi wa CAN anaweza kulishawishi gari zima kwamba ufunguo upo na bado umeme usifike unakotakiwa.

Swali la kwanza ni kukata wapi. Ukikata pampu ya mafuta, injini huwaka kwa shinikizo lililobaki na kuzima baada ya sekunde chache, na mwizi hudhani gari ni bovu. Ubaya ni kwamba kiungo kibovu kitakuzimia gari barabarani, na mwizi mwenye silaha akiishiwa mafuta mita hamsini mbele anaweza kukurudia. Ukikata mzunguko wa stata, gari likishawaka halizimwi na hitilafu ya swichi. Ubaya ni kwamba gari la gia ya mkono linaweza kusukumwa likawaka. Kwa gari la gia otomatiki, tunashauri stata. Kwa dizeli ya zamani yenye pampu ya mitambo, kata umeme wa volti 12 unaokwenda kwenye solenoidi ya kuzimia injini. Haibridi usiiguse: nyingi hazina stata ya kawaida, na nyaya za rangi ya chungwa zina volti za kuua.

Usikate waya mnene. Pampu hula ampea 5 hadi 10, na swichi ndogo itachemka mpaka iungue. Kata waya mwembamba wa koili ya rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), unaopitisha ampea 0.2 hivi. Waya wa milimita mraba 1 unatosha. Viungo vibanwe kwa koleo lake na kufunikwa mpira wa kusinyaa kwa joto. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa selotepu ndio chanzo kikubwa cha magari "yanayozima bila sababu". Ukimaliza, pima kwa mita huku mzunguko ukifanya kazi: tofauti kati ya pande mbili za swichi isizidi volti 0.1. Ikizidi, kiungo fulani ni kibovu, na kitazidi kuwa kibovu. Plagi za njano ni za mifuko ya hewa. Zipite mbali, pamoja na nyaya za breki za ABS.

Sababu kubwa ya swichi ya siri kushindwa ni mwenye gari kuchoka kuizima. Dawa ni rilei inayojishikilia. Umeme wa swichi ya gari uende kwenye mguu wa rilei wenye namba 30 na pia kwenye kitufe cha kubonyeza. Kitufe kiende mguu wa 86. Mguu wa 85 kwenye bodi. Mguu wa 87 utoke kulisha koili ya rilei ya pampu, na tawi lake lirudi 86. Ukibonyeza mara moja rilei inajishika, ukizima gari inaachia yenyewe, na bila kubonyeza tena hakuna safari. Umeme huo uchukuliwe kwenye waya unaobaki na moto wakati stata inazunguka. Ukichukua ule wa redio, rilei itaachia kila unapowasha, na utamlaumu fundi bure. Kwa mzunguko wa stata mpango huu unahitaji rilei yenye jozi mbili za mguso: moja ya kujishikilia, nyingine ya kupitisha umeme wa stata.

Kitufe kisikae chini ya usukani, maana ndipo kila mtu anapopapasa kwanza. Swichi ya sumaku nyuma ya plastiki haionekani kabisa, lakini miguso yake huvumilia ampea nusu tu au pungufu. Itumie kwa koili peke yake, na funga dayodi ya 1N4007 juu ya koili, mstari wake ukielekea chanya, la sivyo cheche za koili zitaunganisha miguso moja kwa moja. Fyuzi mpya iwe karibu na chanzo cha umeme. Nyaya zifungwe kwa utepe wa kitambaa unaofanana na wa kiwandani. Utepe mweusi unaong'aa ni ramani kwa mwizi. Na magari ambayo pampu yake inaendeshwa na moduli maalumu yataandika hitilafu na kuwasha taa ya injini ukikata hapo, kwa hiyo soma mchoro wa umeme wa modeli yako kwanza.

Kwa haibridi na magari mapya yenye kompyuta nyingi, mbadala ni immobilaiza ya CAN, inayodai ubonyeze vitufe vya usukani kwa mpangilio wa siri kabla gari halijaondoka. Ni nzuri na haina rilei za kupiga kelele. Udhaifu wake ni binadamu: mwenye gari huiweka kwenye hali ya gereji, inayoizima kwa muda, anapompelekea fundi, kisha anasahau kuiondoa.

King'ora

Kipite. King'ora kinacholia paka akipita hufundisha mtaa mzima kutokigeukia. Ukiwa nacho tayari, punguza hisi ya mtikisiko na uongeze ya mwinamo, inayogundua gari likinyanyuliwa kupakiwa.

Treka

LoJack ilianza Massachusetts mwaka 1986 na redio iliyofichwa ndani ya gari, iliyosikika na magari ya polisi. Haikuwa na stika wala alama, kwa hiyo mwizi hakujua gari lipi linayo. Wachumi Ian Ayres na Steven Levitt walionyesha mwaka 1998 kwamba miji yenye redio hizo ilipata kupungua kwa wizi hata kwa magari yasiyokuwa nazo, wakati chuma kinachoonekana humfukuzia mwizi kwenye gari la jirani. Kwa hiyo usibandike stika ya treka kwenye kioo ukijisifu. Unamwambia mwizi aje na kivurugio cha mawimbi.

Treka za leo nyingi hutumia GPS na laini ya simu. Mawimbi ya GPS ni hafifu sana, na kivurugio cha ukubwa wa kiganja kinayazima. Kontena la chuma linayazima pia. Nzuri ni ile yenye njia ya pili ya redio ya masafa ya chini, betri yake ya ndani, na taarifa inayotumwa mara tu betri ya gari ikikatwa. Kagua laini inatumia kizazi gani cha mtandao, kwa kuwa nchi kadhaa zimezima 2G au 3G na treka za zamani zikafa kimya. Vitufe vya Bluetooth kama AirTag vina dosari yao: vimeundwa kuionya simu ya mtu anayesafiri na kitufe kisicho chake, na mwizi ana simu.

Betri ipigie hesabu. Treka inayokula miliampea 20 muda wote inamaliza ampea-saa (Ah) 0.48 kwa siku. Gari lenyewe likila 50 likiwa limelala, jumla ni Ah 1.68, na nusu ya betri ya Ah 45 inaisha ndani ya wiki mbili hivi. Ukisafiri mwezi mzima na kuliacha gari, dai treka yenye hali ya usingizi. Isifungwe nyuma ya redio wala kwenye boksi la fyuzi. Antena ya GPS haipokei chini ya bati, lakini plastiki na kitambaa haviizuii.

Na kama gari limeibwa na unaliona kwenye simu, wape polisi mahali lilipo. Amri ya kuzima injini kwa mbali isitolewe gari likiwa mwendoni: usukani na breki hupoteza msaada, na aliye mbele yake hana kosa. Zinazofaa hungoja gari lisimame, kisha hukataa kuliwasha tena.